Hifadhi ya Milima ya Udzungwa: maswali ambayo wageni huuliza kabla ya kupanda

Watanzania wengi tumelelewa na picha za Serengeti na Ngorongoro, kwa hiyo mtu akisikia "hifadhi ya taifa" anawaza mbuga tambarare, gari la wazi na simba amelala chini ya mgunga. Udzungwa haifanani na hayo, na ndiyo maana maswali ni mengi. Nimeyapanga kama yanavyokuja, siyo kwa ukubwa wa jambo.

Iko wapi hasa?

Imelala kati ya mikoa ya Morogoro na Iringa, juu ya Bonde la Kilombero. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 1,990. Makao makuu yako Mang'ula, kando ya barabara ya Mikumi kwenda Ifakara. Upande wa pili wa milima ni wilaya ya Kilolo mkoani Iringa, ambako kuna vituo vya askari kama Msosa na Udekwa.

Ukifika Mang'ula hutahitaji kuuliza mlima uko wapi. Kuna miwa, kuna mpunga, reli, barabara, nyumba za watu, halafu papo hapo unaanza ukuta wa kijani unaopotelea kwenye mawingu.

Naweza kuizunguka kwa gari?

Hapana. Ndani ya msitu hakuna barabara za watalii. Gari linaishia getini, au kwenye kituo ambako njia yako inaanzia, na kilichobaki ni miguu. Mwenye magoti mabovu asikate tamaa mapema, kwa sababu ziko njia fupi, lakini anayetaka kukaa kwenye kiti na kuonyeshwa wanyama dirishani aende Mikumi, ambayo ni jirani kabisa na inafaa zaidi kwa kazi hiyo.

Nitaona wanyama gani? Kuna simba?

Usije kwa ajili ya simba. Tembo, nyati na chui wamo, ila msitu ni mnene kiasi kwamba mara nyingi utamjua tembo kwa kinyesi alichoacha njiani na miti aliyoivunja, basi. Waongozaji hawasikitiki mgeni asipokutana naye ana kwa ana kwenye njia nyembamba, na mimi naungana nao.

Utajiri wa hapa uko juu ya miti. Anayeonekana kirahisi zaidi ni mbega mwekundu wa Udzungwa: utosi wa rangi ya kutu iliyokolea, mgongo mweusi wa kijivu, tumbo jeupe. Nje ya milima hii na misitu michache ya Bonde la Kilombero hapo chini, hakuna sehemu nyingine duniani anakoishi. Mara nyingine huhitaji hata kupanda, kundi linashuka mpaka kwenye miti iliyo karibu na ofisi za Mang'ula. Simama uangalie wanavyovuka kutoka mti hadi mti: wa kwanza anajirusha mikono na miguu ikiwa wazi, anaangukia tawi, tawi linayumba, na wengine wanangoja zamu kwenye tawi lile lile, wakubwa kwa wadogo, mama wakiwa na watoto waliowang'ang'ania tumboni. Ukisikia kitu kizito kinachakaza majani bila upepo, inua kichwa.

Wapo pia mbega weusi wenye mabega meupe, kima, nyani wa manjano na tumbili. Usiku ni zamu ya komba. Na yupo mangabei wa Sanje, aina ya nyani ambaye naye ni wa Udzungwa peke yake; huyo utamsikia kabla ya kumwona, na pengine usimwone kabisa. Chini kabisa, kwenye majani makavu, kuna sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, na paa wadogo wa msituni, akiwamo minde, ambaye hapatikani nje ya Tanzania.

Ndege ni zaidi ya aina 400. Wapenda ndege wanajua wanachokitafuta, sitawafundisha.

Kwa nini watafiti hawaishi kuizungumzia?

Udzungwa ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mnyororo wa milima unaoanzia Taita nchini Kenya, ukapita Pare, Usambara, Nguru na Uluguru, na kuishia hapa kusini. Ni miamba ya zamani sana. Mvua yake inatoka Bahari ya Hindi, na kwa sababu upepo wa bahari haujaacha kuleta unyevu, misitu hii imedumu hata katika vipindi ambavyo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka. Kila mlima ukabaki peke yake, umezungukwa na nyika, na viumbe wa juu wakakosa pa kwenda. Vizazi kwa vizazi wakawa wa pale tu.

Udzungwa ina jambo jingine ambalo milima mingi ya Afrika Mashariki imelipoteza. Msitu wake unapanda bila kukatika kutoka kama mita 250 juu ya usawa wa bahari mpaka zaidi ya mita 2,000. Kwingine, msitu wa chini ulishageuzwa shamba zamani. Kilele cha juu kabisa, Luhomero, kina mita 2,576.

Sasa habari ya ugunduzi wenyewe, ambayo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa kwenye msitu wa Mwanihana juu ya kijiji cha Sanje wakasikia mlio wa nyani wasioujua. Kwao ulikuwa mlio mgeni. Kwa mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza haukuwa mgeni hata kidogo. Alimjua mnyama, akawaeleza ni nani. Ndiyo maana leo vitabu vinasema mangabei wa Sanje "aligunduliwa" mwaka huo.

Mwaka 1991 ikaja zamu ya kwale. Wataalamu wa ndege kutoka Denmark walikuwa kambini msituni, na ndani ya sufuria ya mchuzi, chini kabisa, wakaona miguu ya ndege ambayo hawakuitambua. Baadaye wakampata ndege mwenyewe akiwa hai, na mwaka 1994 akatangazwa kuwa ni aina mpya kabisa. Cha ajabu, ndugu zake wa karibu wako misitu ya Asia. Wapishi wa kambi, bila shaka, walikuwa wanajua tayari kwamba analika.

Kipunji, aina nyingine ya nyani, naye ana mkasa wa namna hiyo. Alipatikana kwa sayansi kwenye miaka ya 2003 na 2004 katika sehemu mbili zilizo mbali, Rungwe na msitu wa Ndundulu huku Udzungwa, akatangazwa 2005. Wanyakyusa walikuwa na jina lake, na jina hilo ndilo analotumia mpaka leo. Ndundulu iko upande wa magharibi, mbali na njia za wageni, kwa hiyo usimtegemee kwenye matembezi ya siku moja.

Mwaka 2008 akaongezeka sange mwenye uso wa kijivu, mkubwa kuliko sange wote wanaojulikana, uzito wake kama gramu 700. Huyu alinaswa kwanza na kamera zinazofungwa mitini. Na bado vyura, vinyonga na mimea vinaendelea kuorodheshwa. Tangu 2006 pale Mang'ula kuna kituo cha ufuatiliaji wa ikolojia, kilichoanzishwa kwa ushirikiano na jumba la makumbusho la sayansi la Trento, Italia. Ukikuta vijana wamebeba kamera na daftari, ni wa kwao.

Njia ziko ngapi, na ipi inanifaa?

Zipo za dakika, za saa na za siku. Nitataja zile ambazo wageni huziendea.

Fupi kuliko zote ni ya maporomoko ya Prince Bernhard, jina la mwanamfalme wa Uholanzi aliyekuja kwenye uzinduzi wa hifadhi mwaka 1992. Inaanzia makao makuu, haichukui hata saa nzima kwenda na kurudi. Inafaa kwa watoto, kwa wazee, na kwa mtu aliyefika jioni akitaka kunyoosha miguu baada ya basi.

Njia ya Sonjo ni kama saa mbili. Nzuri, haina umati.

Sanje ndiyo maarufu, na umaarufu wake ni wa haki. Inaanzia kijiji cha Sanje, kama kilomita 10 kaskazini mwa Mang'ula. Maji yanaanguka kwa ngazi tatu, jumla ya mita 170. Tenga saa nne au zaidi. Mwanzo wa njia unapanda bila huruma: mizizi imejipanga kama ngazi ya mlevi, hatua moja fupi, nyingine ya kukupandisha goti kifuani. Mti mmoja umeshikilia udongo wote wa kona, ukitazama chini unaona kwamba unakanyaga mizizi mitupu. Halafu, ghafla, msitu unafunguka na unaliona Bonde la Kilombero lote limetandikwa chini, mashamba ya miwa yamekatwa kwa mistari iliyonyooka, na mbali zaidi upeo unaopotelea kwenye ukungu wa joto. Wengi hupiga picha hapo wakidhani wamefika. Bado. Maporomoko yenyewe utayasikia kwanza, kisha utahisi hewa imepoa, kisha ndipo utalowa.

Wanaotaka kulala msituni wana njia ya Mwanihana, kilomita 38, siku tatu na usiku mbili, inayofika kilele cha Mwanihana chenye zaidi ya mita 2,000. Uzuri wa hii ni kuuona msitu ukibadilika unavyopanda: chini miti mirefu yenye mbao nene, katikati mianzi na ndevu za kuvu zinazoning'inia, juu uwanda wenye nyasi ambako unaweza kukuta nyayo za nyati na tembo. Ndiyo, tembo wanapanda mpaka huko.

Lumemo ni kilomita 65 na inakula siku tano au zaidi. Hiyo siyo ya kujaribia. Ukiwa unauliza kama utaiweza, jibu ni kwamba uanze na Mwanihana.

Lazima niwe na mwongozaji?

Ndiyo, na kwenye njia ndefu pia askari mwenye silaha, kwa sababu ya tembo na nyati. Wengine hulalamika kwamba ni gharama ya bure. Sioni hivyo. Bila mwongozaji utatembea saa nne ukiangalia miguu yako, na utarudi unasema msitu ulikuwa "mzuri, una miti mingi". Yeye ndiye atakayekuonyesha kinyonga aliyeko sentimita 30 kutoka kwenye sikio lako, atakayekuambia gome lile linachemshwa kwa homa, na kwamba alama ile kwenye mti ni ya pembe ya tembo.

Muulize ametokea kijiji gani. Wengi ni wa hapo hapo, na maongezi yanabadilika kabisa ukishaonyesha kwamba unataka kumjua.

Sina mazoezi. Nitaweza Sanje?

Watu wa kawaida wa ofisini wanaiweza, kwa kupumzika mara nyingi. Kosa la wengi ni kuanza kwa kasi. Wiki mbili kabla, panda ngazi badala ya lifti. Siku yenyewe anza asubuhi na mapema, kwa sababu joto la Kilombero likishapanda, ule mwinuko wa kwanza unakuwa mara mbili. Mwenye shinikizo la damu, pumu au ujauzito amwone daktari kwanza, na amwambie mwongozaji ukweli getini, siyo akiwa katikati ya mlima.

Kushuka ndiko kunakoumiza. Magoti yatakukumbusha kesho yake.

Naruhusiwa kuogelea kwenye maporomoko?

Kwenye vidimbwi ambavyo mwongozaji atakuonyesha, ndiyo. Maji ni baridi ya kukata pumzi. Usipande juu ya miamba iliyolowa kwa ajili ya picha: ina utelezi wa kijani usioonekana, na mahali pa kuangukia hapapendezi. Sabuni na shampuu ziache gesti, vijiji vilivyo chini vinayanywa maji hayo hayo.

Nije mwezi gani?

Juni mpaka Oktoba ndiyo miezi mikavu, njia hazitelezi na unaona mbali. Masika, yaani Machi hadi Mei, njia nyingine hufungwa au huwa matope matupu. Hata hivyo maporomoko yako kwenye ubora wake mara mvua zinapoisha, kwa hiyo kama naulizwa chaguo langu nasema Juni. Septemba na Oktoba maji hupungua, ila hayakauki.

Msitu wa mvua unanyesha hata kiangazi. Koti la mvua halina msimu.

Nifungashe nini?

Viatu vyenye meno, vilivyokwisha kuzoea mguu. Raba mpya siku ya Sanje ni malengelenge. Suruali ndefu na soksi za kuvutia juu ya suruali, kwa ajili ya siafu na kupe. Ukiona mwongozaji anaanza kuruka-ruka, usiulize, ruka. Maji lita mbili kwa mtu. Chakula chepesi. Fimbo utakatiwa au utaazimwa. Dawa ya mbu kwa jioni, maana Mang'ula iko chini na malaria ipo. Chandarua kiwe kizima.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini kote tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo beba vitu kwenye mfuko wa kitambaa. Chupa zako unarudi nazo.

Viingilio vikoje?

Raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi, na ni kidogo sana ukilinganisha na mgeni wa nje anayelipa kwa dola. Njoo na kitambulisho cha taifa au pasipoti, la sivyo utabishana getini bure. Malipo siyo ya fedha mkononi: unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, benki au kadi. Mtandao wa simu ukisumbua foleni inasimama, kwa hiyo ni busara kushughulikia jambo hilo jana yake. Ada ya mwongozaji, ya askari na ya kupiga kambi ni mbali na kiingilio. Viwango hubadilika, viangalie kwa TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi za taifa, kabla ya kupanga bajeti ya familia.

Nitafikaje bila gari binafsi?

Panda basi la Dar es Salaam kwenda Ifakara. Linapita Morogoro, linakatisha Hifadhi ya Mikumi, pale mji wa Mikumi linaacha barabara kuu ya Iringa na kuelekea kusini kupitia Kidatu. Mwambie kondakta mapema kwamba unashuka Mang'ula. Kutoka Mikumi ni kilomita 60 na ushee. Unaweza pia kuchukua treni ya SGR mpaka Morogoro, ambayo ilianza kubeba abiria katikati ya 2024, kisha uunganishe basi.

Ipo pia TAZARA, yenye kituo pale pale Mang'ula. Reli hii ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, na Mang'ula ilikuwa moja ya kambi kubwa za ujenzi. Kwa mpenda safari za polepole hakuna dirisha zuri zaidi la kuitazamia milima hii, maana njia ya reli inaambaa na miguu ya mlima. Ratiba ya abiria huyumba, uliza kituoni kabla ya kuitegemea.

Kufika Sanje kutoka Mang'ula kuna bajaji na bodaboda. Kubalianeni bei ya kwenda na kurudi.

Wanaotoka Iringa wanaweza kuingilia upande wa Kilolo. Huko mandhari ni nyingine: maeneo ya chini kuelekea Mto Ruaha Mkuu ni makavu, yana mibuyu. Ukipita Ruaha Mbuyuni ununue vitunguu. Kila mtu hununua.

Malazi na chakula?

Mang'ula kuna gesti za bei ya chini, za kati, na maeneo ya kupiga kambi ndani na nje ya hifadhi. Chakula kisikupe wasiwasi. Uko Kilombero, kwenye mchele unaojulikana nchi nzima, na samaki wa mtoni. Wali, kambale wa nazi na mchicha kwa mama lishe baada ya kushuka Sanje. Sijui hoteli inayoweza kushindana na hapo.

Wenyeji wa milima hii ni akina nani?

Inategemea umesimama upande gani. Juu na upande wa Iringa ni Wahehe, na ndani yao Wadzungwa, watu wa miteremkoni, ambao ndio wenye jina la milima. Huko ukimsalimia mzee "kamwene" utaona uso unavyofunguka. Bondeni kuna Wandamba, wavuvi na wakulima wa mpunga, Wambunga, Wapogoro na Wabena. Halafu reli na kiwanda cha sukari vikaleta watu kutoka kila kona ya nchi, kwa hiyo Mang'ula ya leo ni mchanganyiko mtupu.

Historia ya vita imepita hapa mara mbili kwa karibu. Ya kwanza ni ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi lake lilikisambaratisha kikosi cha Wajerumani pale Lugalo, karibu na Iringa, na kamanda wao Emil von Zelewski akauawa. Wajerumani walirudi 1894 wakaibomoa ngome ya Kalenga, lakini Mkwawa mwenyewe hawakumpata. Aliishi porini na milimani, akihifadhiwa na watu wake, mpaka Julai 1898 alipojiua kuliko kukamatwa. Fuvu lake lilirudishwa kutoka Ujerumani 1954 na liko kwenye makumbusho ya Kalenga. Ukishatembea njia ya Mwanihana utaelewa, kwa miguu yako, kwa nini jeshi lenye bunduki lilihangaika miaka minne kumtafuta mtu mmoja katika nchi ya milima kama hii.

Ya pili ni Majimaji. Wapogoro na Wambunga waliingia vitani 1905, na mwezi Agosti boma la Mahenge, ng'ambo ya bonde, likashambuliwa. Njaa iliyofuata iliumiza kuliko risasi.

Je, wanakijiji wanaruhusiwa kuingia kuchukua kuni?

Hili huulizwa na wageni wanaokutana na akina mama wenye mizigo kichwani, na linahitaji jibu la haki. Hifadhi ilipoanzishwa, wenyeji waliruhusiwa kuokota kuni kavu kwa siku maalumu za wiki. Ruhusa hiyo ilifutwa mwaka 2011. Sababu za uhifadhi zinaeleweka: watu wengi wakiingia msituni kila wiki, panga linapata kazi nyingine, na mitego inafuata. Lakini anayebeba uzito wa uamuzi huo ni mwanamke wa Mang'ula au Sanje, siyo mimi wala wewe. Zimeletwa njia mbadala: miti ya kupanda nyumbani, majiko banifu, pumba za mpunga. Zinasaidia, hazijamaliza shida.

Nasema haya kwa sababu mgeni anayelipa kiingilio apande kuburudika anafaa ajue kwamba jirani wa msitu analipa kwa namna yake. Ukipata nafasi ya kununua ndizi, asali au ukili kijijini badala ya kubeba kila kitu kutoka Dar, fanya hivyo.

Na tembo wanaokula mazao?

Ni kweli, na huwa ni usiku, mpunga au migomba ikikaribia kukomaa. Shamba la msimu mzima linaweza kwisha kwa saa chache. Dawa mojawapo inayotumika vijiji vya hapa ni uzio wa mizinga ya nyuki. Mizinga inaning'inizwa kwenye nguzo, kila mmoja umeunganishwa na mwenzake kwa waya. Tembo akisukuma waya kifua mbele, mizinga inatikisika yote, nyuki wanatoka wakiwa na hasira, na tembo, pamoja na ukubwa wake, anaogopa kuumwa ndani ya mkonga na kuzunguka macho. Mwenye shamba anabaki na mpunga na asali. Haizuii kila tembo kila usiku, lakini ni bora kuliko kukesha unapiga debe.

Yule chura mdogo wa Kihansi yuko hifadhini?

Hayuko. Kihansi ni korongo lililo kwenye milima hii hii ya Udzungwa, ila kusini, nje ya mipaka ya hifadhi. Chura huyo aligundulika 1996, akiishi kwenye eneo dogo lililolowanishwa na rasharasha za maporomoko tu. Bwawa la umeme lilipoanza kazi mwaka 2000, sehemu kubwa ya maji ikahamishwa, rasharasha zikakata, na ugonjwa wa ukungu ukamaliza waliobaki. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Kilichomwokoa ni mamia ya vyura waliokuwa wamepelekwa mapema bustani za wanyama za Marekani, Bronx na Toledo. Walizaliana huko, kizazi chao kikarudishwa Dar es Salaam 2010, na 2012 wakaachiwa korongoni, ambako siku hizi rasharasha zinatengenezwa kwa mabomba.

Umeme ule tunautumia wote. Maji ya milima hii yanazungusha mitambo ya Kihansi, yanajaza Mto Kilombero, na Kilombero ndio unaoupa Mto Rufiji sehemu kubwa zaidi ya maji yake.

Naweza kuchuma dawa au kuchukua mche wa ua?

Hapana, hata jani. Mimea ya hapa inakadiriwa kufika aina 2,500, na zaidi ya 160 inajulikana na wenyeji kwa tiba. Ukitaka maarifa hayo, muulize mganga kijijini, kwa adabu na kwa malipo yanayostahili, na usirekodi bila ruhusa. Kuna mahali ambapo wazee wanapahesabu kuwa pa mizimu; ukiambiwa hapa tunapita kimya, pita kimya.

Picha na droni?

Picha za kawaida hazina tatizo. Droni inahitaji kibali maalumu, na usipoomba mapema utairudisha kwenye begi. Usimpige picha mtu shambani kabla ya kumsalimia. Kamera ya simu chini ya miti mirefu hutoa picha za giza, kwa hiyo mbega mwekundu mwangalie kwa darubini ndogo kama unayo.

Siku moja inatosha?

Kwa Sanje, ndiyo, ikiwa umelala Mang'ula jana yake. Kutoka Dar asubuhi, upande mlima na kurudi siku hiyo hiyo, usijaribu. Ukiwa na siku mbili, ya kwanza tembea Prince Bernhard jioni na utafute mbega karibu na ofisi, ya pili panda Sanje alfajiri. Ukiwa na siku nne, wasiliana na ofisi ya hifadhi mapema uulizie Mwanihana, kwa sababu askari na wapagazi lazima wapangwe kabla hujafika.